Kazi Isiyo na Gundi

28 Januari. Mvua: milimita 44.

Baba hupima mvua kila asubuhi kabla ya chai, kwenye kipimo alichokifunga kwenye nguzo ya uzio, kisha huingia jikoni na kutangaza namba kama matokeo ya mpira. Huku kaskazini mwa Queensland, Australia, msimu wa mvua kila nyumba hufanya hivyo, na watu wazima hubishana dukani nani kanyeshewa zaidi. Nimeamua kuandika namba yake juu ya kila siku ninayoandika. Mwalimu wetu wa lugha wa mwaka jana alisema shajara isianze na hisia, ianze na jambo linaloweza kupimwa.

Basi jambo ni hili. Bi Verna Hoskin, anayetengeneza mabango ya maduka ya mjini na ya kiwanda cha sukari, atakuja karakana ya shule mwisho wa muhula na kuchagua mwanafunzi mmoja. Huyo atajifunza ufundi kwake siku mbili kwa wiki, na siku nyingine atabaki darasani. Nafasi ni moja. Kimbunga cha mwaka juzi kililaza migomba yetu yote, na Baba sasa anafanya kazi shamba la mtu mwingine. Amesema waziwazi: nikiipata nafasi ya Bi Hoskin, nitabaki shuleni. Nikiikosa, baada ya Pasaka nitaingia banda la kupakia ndizi pamoja na shangazi yangu, aitwaye Pia.

"Si adhabu, Grazi," alisema. "Shangazi yako yumo humo miaka yote hii, na kila siku anacheka."

Shangazi Pia alikuwa anamenya viazi. Hakucheka.

30 Januari. 102.

Leo Mwalimu Strachan ametupa kazi. Kila mtu atengeneze kitu cha kukaa juu ya meza ya ofisi: kishikio cha kalamu, trei ya karatasi, egemeo la simu, chochote. Kiwe cha akriliki, ile plastiki ngumu kama kioo, kikatwe kwa mashine ya leza, na kisiwe na hata tone la gundi. Bolti na nati tu.

"Gundi ni uongo," alisema. "Inaficha kiungo kibaya mpaka mteja afike nacho nyumbani. Bolti haifichi kitu."

Niliiandika sentensi hiyo mara mbili. Nadhani ni mwalimu bora kuliko wote niliowahi kuwa nao.

Karakana yake ina desturi zake. Ukuta wa nyuma unaitwa Makaburini: kazi zote zilizoharibika zimepigiliwa misumari hapo, na chini ya kila moja limeandikwa jina la mwenyewe kwa wino mwekundu. Fundi anayetengeneza lori la Baba yumo, tangu alipokuwa na umri wangu. Desturi ya pili ni Kuangusha. Siku ya mwisho, mbele ya mgeni, Mwalimu huinyanyua kila kazi kwa pembe moja, kwa vidole viwili, akiizungusha kama mtu aliyemshika panya mfu mkiani, kisha huiachia kutoka urefu wa kiwiko ianguke juu ya ubao mgumu. Leo alituonyesha kwa trei ya mwanafunzi wa zamani. Ilivunjika vipande vitatu. Tulicheka sana, nami nilicheka.

Nimeketi na Bronte Killick, rafiki yangu tangu darasa la kwanza.

"Shoga, wewe una akili, mimi nina sura," ameniambia. "Yule mama wa mabango tutamkamata tu, mmoja wetu au mwingine."

2 Februari. 17.

Chura wa kijani amekutwa ndani ya birika la chai la walimu. Jua limetoka kwa saa moja tu.

5 Februari. 133.

Kijito kimefunika daraja na Bronte hakuvuka kuja shule. Leo nimejiaibisha.

Kiungo chetu ni hivi: kipande kimoja kina meno, kingine kina matundu ya kuyapokea. Katikati ya meno kuna tundu lenye umbo la herufi T, ambalo nati inalala ndani yake. Bolti inapita upande wa pili, inaikamata nati na kuvuta vipande vyote viwili vikumbatiane. Kila kitu kinategemea unene. Nami niliupima unene wa akriliki kabla sijabandua karatasi inayoilinda pande zote mbili. Meno yangu yalicheza ndani ya matundu kama miguu ya mtoto ndani ya buti za babake.

Mwalimu alikinyanyua kishikio changu kwa vidole viwili. Kilijikunja chote.

"Umepima koti," alisema, "mtu mwenyewe hukumpima."

Darasa lilianguka kwa kicheko. Koby Dunstan, ambaye kazi yake shuleni ni kuwapa watu majina, alipiga meza: "Mpisheni Bibi Milimita!"

Nikakata upya wakati wa mapumziko, karatasi ikiwa imebanduliwa. Safari hii meno yaliingia vizuri. Ila kingo zilikuwa na alama za moshi wa leza. Wengine walishatoka. Nikamwuliza Mwalimu nisafishe kwa nini.

"Chupa ya spiriti ile pale," alisema, bila kuacha kula biskuti yake.

Nikafuta. Kwa muda mfupi iling'aa kama maji. Halafu, nikiwa naitazama, nyufa nyembamba kama nywele zikaanza kutambaa kutoka kwenye kingo na kwenye kila tundu la bolti, nyingi, zikakutana katikati. Nilidhani nimeibonyeza vibaya.

"Leza inaziacha kingo zimekakamaa," Mwalimu alisema nyuma yangu. "Spiriti ikizigusa, zinapasuka. Sabuni na maji, Grazi. Siku zote sabuni na maji."

"Mwalimu, ulijua?"

"Nilijua, ndiyo," alisema akitabasamu. "Na sasa wewe hutasahau."

Akachukua nyundo na msumari. GRAZIELLA, wino mwekundu.

Nimefikiria njia nzima ya kurudi nyumbani, na naona alikuwa sahihi. Kweli sitasahau.

6 Februari. 71.

Bronte amerudi. Amesimama Makaburini mbele ya jina langu, mikono kiunoni. "Nimekosa siku moja tu, umeshazikwa!" Koby akamsimulia habari ya koti na mtu. Alicheka mpaka akakaa chini. Hakuniuliza zaidi.

12 Februari. 58.

Akriliki inayoitwa ya milimita tatu si ya milimita tatu. Ile ya bluu ina mbili nukta nane, na kona moja ni nyembamba kuliko nyingine. Tena leza nayo hula upana wake inapopita. Nimekuwa nikibaki karakana wakati wa chakula, nikikata vipande vidogo vya majaribio, mpaka nimepata kipimo ambacho jino linaingia kwa kusukumwa na dole gumba na halitoki lenyewe. Hata bila bolti, vipande vinasimama. Ni raha ya ajabu kusikia vikiingia. Vinatoa mlio mdogo tu.

Mwalimu alipita, akasukuma kimoja, akasukuma tena. "Huyu atatuzika sote," alilitangazia darasa.

Niliona haya, na sikutaka siku iishe.

20 Februari. 9.

Mchoro umekamilika. Kishikio changu kina vyumba vitatu vya kalamu na mteremko wa mbele wa kuegemeza kadi. Bolti nne. Moja ingeangukia kwenye chumba cha kalamu, kwa hiyo nimeisogeza kushoto kwa upana wa kidole. Haiko katikati, lakini ni lazima.

Nimekionyesha cha majaribio kwa Nonna, mama yake Baba.

"Kinafanya kazi gani?"

"Kinashika kalamu, Nonna."

"Na nyumba hii ina kalamu ngapi?"

Tumetafuta. Tumepata mbili, moja imekauka.

24 Februari. 88.

Shangazi Pia amekatwa na kisu cha kutenganishia vichane vya ndizi. Amefunga kitambaa na kurudi kazini. Baba amesema tena kuhusu kucheka kwake.

3 Machi. 146.



Nilikwenda kwenye kompyuta ya mashine ya leza kuweka mchoro wangu kwenye foleni. Mbele yangu kulikuwa na mchoro wa Bronte. Nikaufungua kwa sababu nilidhani ni wangu umejirudia. Vyumba vitatu. Mteremko wa kadi. Bolti nne, moja imesogezwa kushoto kwa upana wa kidole. Alichobadilisha ni kuongeza jina lake kwa mbele, kwa herufi za mapambo.

Nilimkuta mlangoni akikamua mvua kwenye nywele.

"Bronte, huo ni mchoro wangu."

"Upi?"

"Ulio kwenye foleni. Ulikuwa kwenye folda yangu."

"Folda ya darasa," alisema. "Kila mtu anaiona. We Grazi, kishikio cha kalamu ni kishikio cha kalamu. Umevumbua wewe?"

"Hata bolti ya kushoto umeichukua. Unajua kwa nini iko kushoto?"

Alinitazama kidogo. "Inapendeza."

"Baba ataniondoa shule. Unajua hilo. Wewe hata ukikosa, una duka la mama yako."

"Sasa mimi nishindwe makusudi kwa sababu babako hana migomba?"

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza saa. Halafu akanishika bega: "Usininunie bwana. Sisi si marafiki?"

Nilikwenda kwa Mwalimu Strachan. Nilijieleza vizuri, nilikuwa nimepanga maneno. Alisikiliza akizungusha bolti mezani.

"Kiwandani watu wanaigana kila siku," alisema. "Ulitaka nimpige? Tengeneza kizuri zaidi."

Kisha kipindi kilipoanza akasimama mbele: "Jamani, msichukue vitu vya Grazi. Analia."

Sikuwa nimelia. Nililia baadaye, chooni, na kulikuwa na chura anayenitazama.

4 Machi. 60.

Hakuna aliyekaa karibu nami. Koby ameniwekea kikombe chini ya kidevu. "Tupime, Milimita. Umenyesha ngapi leo?"

11 Machi. 39.

Imeletwa akriliki mpya, rangi ya moshi, nzuri kama miwani ya tajiri. Bronte ameing'ang'ania. Nimeipima nilipokuwa peke yangu: tatu nukta moja. Matundu yaliyo kwenye mchoro wangu ni ya ile ya bluu. Yatabana.

Yamebana kweli. Amegonga meno kwa nyundo ya mpira mpaka yakaingia, na Mwalimu akamsifu kwa nguvu za mkono. Hakuniuliza, nami sikusema kitu. Nilikaza bolti zangu robo mzunguko kila moja, nikijisikia mtulivu kuliko nilivyopaswa.

14 Machi. 120.

Utulivu ule umenikera siku tatu. Nikipata nafasi ya kumwambia kitu cha kweli, nitamwambia. Si kwa ajili yake. Sitaki tu kuwa na uso ule aliokuwa nao Mwalimu siku ya spiriti.

Nimesoma tena nilichoandika Februari, kwamba alikuwa sahihi. Sijakifuta. Lakini sikiamini tena.

27 Machi. 75.

Nitaandika yote kwa mpangilio.

Asubuhi, kabla Bi Hoskin hajafika, tulikuwa karakana tukimalizia. Koby alikuwa bado anakata kipande cha mwisho, na Mwalimu alisimama kando ya mashine, mkono juu ya kifuniko. Bronte alikuja mezani kwangu. Hatukuwa tumezungumza tangu mwanzo wa mwezi.

"Milimita, hizi alama za moshi umetolea nini?"

"Sabuni na maji," nilisema. "Usiguse spiriti. Itapasuka."

Akacheka. "Mwalimu anafutia nini lenzi ya mashine? Si spiriti?"

"Lenzi ni kioo. Hii siyo. Bronte, nakwambia kweli. Kile changu pale ukutani kilipasuka kwa—"

"Kile chako ulipima karatasi. Dunia nzima inajua." Alisogeza uso karibu. "Ningekuwa wewe, hata mimi ningejaribu. Unataka nifike mbele ya yule mama na madoa ya maji."

Akaichukua chupa.

Nilimtazama Mwalimu. Alikuwa karibu nasi, angeweza kunyoosha mkono akaishika chupa ile. Aliniangalia mimi, akaiangalia chupa, kisha akageukia mashine. Alikuwa anatabasamu. Tabasamu lile lile la siku ya biskuti.

Bi Hoskin aliingia na koti linalochuruzika na buti za mpira. Ni mwanamke mfupi mwenye mikono mipana. Alisema tuanze, ana bango la bucha linamsubiri.

Koby alitangulia. Kitu chake kilifanana na mtego wa kaa, bolti kumi na moja, nyingine hazina kazi yoyote. Mwalimu alikizungusha kwa vidole viwili, akakiachia. Kikagonga ubao kwa kishindo na kukaa kilivyo. "Kigumu kama ng'ombe!" mtu alipiga kelele.

Changu kikafuata. Kilinyanyuliwa kwa pembe na hakikulegea hata unywele. Kikaanguka, kikaruka kidogo, kikasimama kwa miguu yake. Bi Hoskin alikiokota mwenyewe na kupitisha ukucha kwenye kiungo.

"Nani kakufundisha kupima, binti?"

"Mwalimu," nilisema. "Na Baba. Baba hupima mvua."

"Leo ngapi?"

"Sabini na tano."

"Kwangu themanini na mbili," alisema, na tukacheka wote wawili. Kwa muda ule mfupi nilikuwa tayari niko kwenye karakana yake. Niliiona hata kulabu ya kutundika koti langu.

Bronte aliweka chake. Alikuwa amekigeuza ili upande fulani utazame ukuta. Mwalimu alikishika kwa pembe, akakinyanyua, na pembe ikabaki kwenye vidole vyake. Vilivyobaki vilianguka mezani kabla hajaviangusha. Vilikuwa vimejaa nywele nyeupe za nyufa kila mahali, hata juu ya jina lake la mapambo.

Walicheka. Jinsi walivyocheka! Watu waliomlinda mwezi mzima. Koby alikuwa tayari anauliza nyundo iko wapi. Uso wa Bronte ulibadilika rangi, akaninyooshea kidole.

"Ni huyu! Ndiye aliyeniambia nifute na spiriti!"

Bi Hoskin akanigeukia. "Kweli?"

"Hapana, Bi Hoskin. Nilimwambia sabuni. Nilimkataza spiriti. Mwalimu alikuwepo, alisikia."

Wote wakamtazama Mwalimu Strachan. Sikuwa na wasiwasi. Naandika hili ili nisilisahau: sikuwa na wasiwasi hata kidogo.

"Mashine ilikuwa inanguruma," alisema. "Mimi sikusikia kitu." Kisha akaniwekea mkono begani na kucheka. "Ila kama alifanya hivyo, basi amefuzu. Mimi nilimfundisha hivyo hivyo."

Nadhani kwake ilikuwa sifa. Darasa lilipiga makofi. Bi Hoskin hakupiga. Alikirudisha kishikio changu mezani taratibu, kama kitu cha mtu mwingine.

"Kwangu tuko watatu na visu vingi," alisema. "Mkono wa mwenzio ukikaribia kisu, nataka mtu wa kupiga kelele. Hapa sijui nani kasema kweli, na mwenye bucha ananisubiri." Alitazama meza nzima. "Wewe wa bolti kumi na moja. Jina lako nani?"

Koby aligeuka nyuma kuona anaulizwa nani.

28 Machi. 20.

Nilimwambia Baba jana wakati wa chakula. Alitafuna mpaka akamaliza. "Pia atakutafutia aproni," alisema. Nonna aliniongezea supu ambayo sikuomba.

Leo Koby amenifuata kwenye kabati za viatu. Hakuwa na utani.

"Ningekuachia, Milimita. Kweli. Lakini mama ameshaninunulia buti."

"Zinakutosha?"

"Zinabana."

"Basi zirudishe ukachukue namba ya juu," nilisema. "Usizipanue kwa nyundo."

Alidhani ninatania.

2 Aprili. 3.

Siku ya mwisho ya muhula, na kwangu ya mwisho kabisa. Bronte alipita na wenzake, akanitazama kama anayejaribu kukumbuka jina. Naamini sasa anaamini kweli kwamba ni mimi niliyemwambia. Labda ni rahisi zaidi.

Nilikwenda karakana kuchukua kishikio changu. Mwalimu Strachan alikuwa amekiweka kwenye rafu ya mlangoni, juu ya kitambaa cheusi.

"Niachie hiki," alisema. "Nitawaonyesha wazazi muhula ujao. Miaka yangu yote hapa sijapata kiungo kama hiki." Akakishika pembe kwa vidole viwili, akakizungusha, akakirudisha. "Ona. Hakina hata mtikisiko. Usinikasirikie, Grazi. Dunia iko hivyo, bora uijue mapema."

"Ndiyo, Mwalimu," nilisema. "Naomba nikifute vumbi kwanza."

"Sabuni na maji!" alisema, akacheka, akaenda kunywa chai.

Nilikifuta vizuri, kwa sabuni na maji, nikakikausha. Kisha nikazilegeza bolti nne, nikazitoa nati kwenye vitanda vyake moja moja kwa ncha ya kalamu, na nikazirudisha bolti kwenye matundu. Vichwa vyake viling'aa mahali pake. Meno yalishikilia, kama nilivyoyapima, mradi mtu asikinyanyue kwa pembe. Nilikirudisha juu ya kitambaa cheusi, nikakinyoosha kikaelekea mlango. Kilisimama kikiwa kizuri kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya.

9 Aprili. 0.

Hakuna mvua. Baba alitangaza sifuri kana kwamba amefungwa bao.

Banda la ndizi lina kelele na maji ya baridi. Shangazi Pia amenifundisha kushika kichane kutoka juu na kisu kiende mbali na mkono. Alinifundisha kwa kupiga kelele: "Kidole! Kidole, mama!" kabla ya kila kosa, siyo baada. Saa nne alicheka, mara moja, kwa sababu niliteleza.

Nati nne ziko kwenye mfuko wa aproni yangu. Nikiinama zinagongana. Mkutano wa wazazi ni wiki ya kufungua shule.